Amplifaya sita, sikio lile lile: uchambuzi wa kisa cha miaka 23

Kisa hiki ni cha mpenzi wa muziki ambaye ndani ya miaka 23 amemiliki amplifaya sita za stirio, zote zikichezwa katika chumba kile kile cha nyumba yake. Mimi ndiye fundi niliyemhudumia kwa sehemu kubwa ya muda huo, na katika kisa hiki nina kosa langu ambalo nitalieleza mahali pake. Mwenyewe ameridhia kiandikwe. Jina lake, kazi yake na majina ya vifaa vyake nimeviondoa. Vipimo nimeviacha kama nilivyovipata mezani.

Usuli

Mhusika ni mtu wa kusikiliza kweli. Huketi kiti kimoja, mita 3 kutoka kwenye spika, na halali kabla ya kusikiliza santuri au sidii moja hadi mwisho. Ana tabia mbili ambazo ndizo zilizokiendesha kisa chote, ingawa kwa miaka mingi hakuna aliyezitilia maanani. Siku za mapumziko hucheza muziki kwa sauti kubwa. Usiku, wenzake wakishalala, huteremsha sauti mpaka mtu aliye chumba cha pili asisikie kitu.

Jozi yake ya kwanza ya spika ilitoa desibeli 90 kwa wati moja, zikipimwa umbali wa mita moja, na ukinzani wake, yaani kiasi inavyouzuia umeme kupita, ulikuwa omu 8. Mwaka wa nne akanunua spika nyingine, nzuri zaidi kwa kila hali isipokuwa moja: zilikuwa nzito kuziendesha. Zilitoa desibeli 84 tu kwa wati moja, na nyuma yake paliandikwa omu 4. Tofauti ya desibeli 6 ni namba ndogo kuitazama, lakini kwa amplifaya maana yake ni nguvu mara nne ili kupata sauti ile ile. Nilipozipima baadaye niliona hata hiyo omu 4 ilikuwa wastani wa kukisia. Karibu na hezi 150 (mitetemo 150 kwa sekunde, sauti ya besi) ukinzani ulishuka hadi omu 3.2, na karibu na hezi 2,000, pale spika kubwa inapoikabidhi kazi twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ulipanda hadi omu 18. Namba hizi mbili msomaji azishike, maana nitazirudia.

Mfuatano wa amplifaya

Ya kwanza ilikuwa ya transista, wati 20 kwa kila chaneli. Kwa spika za desibeli 90 ilitosha kabisa, na kwa miaka minne hakuwa na lalamiko. Alipobadili spika, mambo yakaharibika ndani ya miezi michache. Mchana mmoja alikuwa amepandisha sauti, twita ya kushoto ikanyamaza. Watu wengi hudhani twita huungua kwa sababu amplifaya ina nguvu nyingi. Hapa ilikuwa kinyume chake. Amplifaya ilikuwa imeshafika kikomo, vilele vya mawimbi makubwa ya besi vilikuwa vinakatwa vichwa na haviwezi kupanda tena, lakini kila alipozidi kuzungusha kinobu, sauti ndogo za juu ziliendelea kupanda. Twita ikawa inapokea nguvu ya muda mrefu ambayo haikutengenezwa kuihimili.

Ya pili aliinunua mwaka wa tano: wati 100 kwa chaneli, yenye transfoma nzito na mabati mapana ya kupoza joto. Uamuzi huu ulikuwa sahihi, na ndio ubadilishaji pekee kati ya yote ambao ulidaiwa na spika zenyewe. Ikamtumikia miaka saba.

Mwaka wa 12 akaniletea. Namkumbuka akiiweka juu ya meza kwa mikono miwili na kusema, "Fundi, usiku inakwaruza. Mchana haina neno." Nikaifunga kwenye risasta kubwa (vipande vya kuzuia umeme) za omu 8 badala ya spika, nikaipandisha hadi wati 80, nikapima upotoshaji, yaani kiasi inavyoliharibu wimbi la muziki: asilimia 0.03 kwa chaneli zote mbili. Nikamwambia, "Mzee, mashine yako ni nzima." Akaondoka nayo. Alichoniambia kilikuwa ndio uchunguzi wenyewe umeshafanyika, na mimi nikapima kitu kingine.

Kwa kuwa fundi amesema ni nzima na sikio lake linakataa, aliona kilichobaki ni aina ya kifaa. Akanunua ya tatu, iliyogawanywa masanduku mawili, moja la kuchagua na kudhibiti sauti na lingine la nguvu. Mkwaruzo wa usiku ukaisha. Yeye akahitimisha kwamba masanduku mawili ni bora kuliko moja. Ile ya pili hakuiuza, akaifunika kitambaa na kuiweka stoo.

Mwaka wa 14 alisikia amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka zilizotumika kabla ya transista, nyumbani kwa rafiki yake. Ilikuwa na valvu moja ya 300B kwa kila chaneli, ikitoa wati 8. Valvu hiyo ilitolewa na Western Electric mwaka 1938, miaka 9 kabla ya transista ya kwanza kuonekana katika maabara za Bell, na hadi leo inatengenezwa na kupendwa. Akanunua ya namna hiyo, ikawa ya nne. Kwa spika za desibeli 84, wati 8 hazikuweza kucheza kwa sauti kubwa, kwa hiyo akaitumia usiku tu. Alinieleza kwamba waimbaji walikuwa "wametoka nje ya spika na kusogea hatua moja mbele". Nilimsikiliza kwa heshima, ila moyoni nilidhani ni mapenzi ya mwanga wa valvu gizani. Hapo pia nilikosea.

Mwaka uliofuata alisoma juu ya kasoro ya makutano, na kwa mara ya kwanza akapata jina la ule mkwaruzo wake wa zamani. Katika amplifaya za kawaida za transista, upande mmoja hubeba nusu ya juu ya wimbi na upande mwingine nusu ya chini. Pale wimbi linapovuka sifuri, upande mmoja humkabidhi mwenzake kazi. Ikiwa mkondo mdogo wa kuziweka transista macho umepungua, panatokea nukta ya muda ambapo zote mbili zimelala, na wimbi linavunjika hapo hapo. Katika daraja A, namna nyingine ya kuunda amplifaya, transista hazilali kamwe, kwa hiyo makutano hayapo. Aliamua kulikimbia tatizo moja kwa moja. Ile ya masanduku mawili akaibadilishana na ya tano, ya daraja A, wati 25 kwa chaneli. Hiyo ilimeza zaidi ya wati 200 hata muziki ukiwa kimya, na bati lake la juu halikushikika kwa kiganja zaidi ya sekunde chache.

Mwaka wa 21 ya tano ikaanza kuunguruma. Ya sita ni ya daraja D, ambayo transista zake huwaka na kuzimika kwa kasi kubwa, ndogo kiasi cha kuishika kwa mkono mmoja, inatoa wati 150 kwenye omu 4 na haipati joto la kutajika. Aliinunua kwa kuchoka, kwa maneno yake mwenyewe, na kwa miaka miwili aliisikiliza akiwa na shaka kwamba amejinyima kitu.

Siku zilipokuja mezani

Mwaka wa 23 alitaka kujua thamani ya vitu vilivyojaa stoo. Akaniletea nne: ya kwanza, ya pili, ya nne na ya sita. Ya tano nilikuwa nimeshaitengeneza kwa kubadilisha kapasita, vipande vinavyohifadhi na kulainisha umeme, naye akampa mpwa wake.

Nilianza na ya pili, kwa sababu maneno yale ya mwaka wa 12 yalikuwa hayajaniondoka. Safari hii sikuipandisha. Niliishusha hadi wati 0.05, kiwango chake cha usiku. Chaneli ya kushoto ilisoma upotoshaji wa asilimia 0.05. Ya kulia ilisoma asilimia 2.

Nikafungua kifuniko. Kitabu cha ukarabati kilitaka milivolti 11 juu ya kila risasta ya omu 0.22 iliyo kando ya transista za nguvu, yaani mkondo wa miliampia 50. Kushoto nilipata 10.5. Kulia nilipata 0.8. Kosa lilikuwa kwenye risasta ndogo ya kurekebisha, ile ya kuzungushwa kwa bisibisi. Ulimi wake ulikuwa umeota kutu, ukawa unagusa nusu nusu. Nilipoigonga taratibu kwa mpini wa plastiki, mita iliruka kutoka 0.8 hadi 6 na kurudi. Nikaifumua lehemu, nikaweka mpya, nikaacha mashine ipate joto kwa nusu saa, kisha nikairekebisha hadi 11. Kazi yote haikufika saa moja na nusu.

Kwa nini sikuliona miaka 11 kabla? Kwa sababu ukubwa wa kasoro ya makutano haubadiliki sana muziki unapopanda. Wati 80 kwenye omu 8 ni kama volti 25, na wati 0.05 kwenye omu 4 hazifiki hata nusu volti. Kasoro ile ile iliyomezwa na volti 25 ilikuwa uchi mbele ya nusu volti. Nilipima mahali ambapo ugonjwa haukai, nikampa mgonjwa cheti cha afya.

Kusikiliza bila kujua

Kabla ya kuigusa ile risasta nilimpendekezea jambo: azisikilize bila kujua ipi inacheza. Alikubali, lakini kwa sharti kwamba iwe nyumbani kwake, kwenye kiti chake.

Nilitengeneza sanduku la kubadilisha lenye rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme. Ilibidi likate nyaya zote mbili za kila spika, si ule mmoja mwekundu tu, kwa sababu katika amplifaya nyingi za daraja D waya mweusi wa spika haujaungwa na bodi kama ulivyo kwenye zile za zamani; ukiuunganisha na wa amplifaya nyingine unaweza kuichoma. Amplifaya ya valvu nayo haipendi kuachwa na muziki bila mzigo, maana volti hupanda ndani ya transfoma yake ya kutolea sauti. Kwa hiyo kila ilipotolewa kwenye spika, sanduku liliikabidhi risasta ya omu 8.

Kisha tukalinganisha viwango. Nilipiga toni ya hezi 400, nikaweka mita kwenye vituo vya spika, na kurekebisha kila amplifaya mpaka isome volti 1 bila kupishana zaidi ya asilimia moja. Nilichagua hezi 400 kwa sababu mita nyingi za kawaida huanza kudanganya masafa yakipanda zaidi ya hapo. Hatua hii haina mbadala. Sikio la mtu yeyote likipewa sauti mbili zinazolingana kila kitu ila moja ina desibeli moja zaidi, mara nyingi halitasema hii ina sauti kubwa. Litasema hii ni safi zaidi, ina uhai zaidi. Alipokuwa akilinganisha madukani na kwa marafiki, mhusika aliweka vinobu mahali pamoja na kuamini amelinganisha. Vinobu viwili vikiwa kwenye alama moja havina ahadi yoyote ya kutoa volti sawa.

Binti yake aliketi nyuma ya pazia, akarusha sarafu na kubonyeza swichi. Kila jaribio lilikuwa na raundi 16, na tuliyagawa kwa siku tatu kwa sababu sikio huchoka. Mtu anayebahatisha atapata 8 hivi kati ya 16. Akifikisha 12, uwezekano wa kuwa ni bahati tupu hauzidi 4 katika 100.

Matokeo

Ya pili ikiwa bado mbovu, dhidi ya ya sita, kwa sauti ya usiku: 14 kati ya 16. Alikuwa akionyesha kwa kidole upande wa kulia kila matoazi yalipolia. Baada ya kuitengeneza, mbili hizo hizo: 9.

Ya kwanza dhidi ya ya sita, kwa sauti ya usiku: 8. Ile ya wati 20, ya miaka 23! Kwa sauti kubwa ya mchana: 15, kwa kuwa vilele vilianza kukatwa, na mimi mwenyewe nilisikia kutoka mlangoni.

Ya nne, ya valvu, dhidi ya ya pili iliyotengenezwa: 16 kati ya 16. Hakukosa hata mara moja wala hakuchukua muda. Mwimbaji akifungua kinywa tu, anasema. Hapo ndipo nilipofuta nilichokuwa nikidhani kuhusu mwanga wa valvu.

Nikarudi kwenye zile namba mbili za spika. Nilipima ukinzani wa ndani wa amplifaya ya valvu, upande wa kutolea sauti, nikapata omu 2.5. Amplifaya za transista za kisasa hurudisha sehemu kubwa ya sauti inayotoka na kuilinganisha na iliyoingia, mbinu ya mrejesho hasi aliyoibuni Harold Black wa Bell mwaka 1927, na ukinzani wao wa ndani hushuka hadi karibu na sifuri. Ya valvu aliyonayo haina mrejesho huo. Kwa hiyo volti inagawana kati ya omu 2.5 za ndani na omu za spika. Spika ikiwa omu 3.2, inapotea desibeli 5. Spika ikiwa omu 18, inapotea desibeli 1 na kidogo. Tofauti ni karibu desibeli 4, na inapandisha eneo la hezi 2,000, ambako ndiko maneno ya mwimbaji yanakosikika wazi. Waimbaji walikuwa wamesogea mbele kweli.

Siku ya tatu nilichomeka risasta ya waya ya omu 2.5 kati ya amplifaya ya pili na kila spika, nikalinganisha upya viwango, tukaipambanisha na ya valvu kwa sauti ya usiku. Alipata 10. Alivua miwani, akaomba turudie raundi tano nje ya hesabu, akapata mbili. Akauliza, "Yaani ni hiki kipande cha waya?" Nikamjibu ni kipande cha waya pamoja na spika zake, kwa spika nyingine, zenye ukinzani ulionyooka, kisingefanya chochote.

Jambo hili si geni. Mwaka 1985 Bob Carver, mbunifu wa Marekani, alikubali changamoto ya jarida la Stereophile ya kuifanya amplifaya yake ya transista isikike kama nyingine ya gharama kubwa waliyoichagua wao. Aliirekebisha mpaka wasikilizaji wakashindwa kuzitenganisha.

Uchambuzi

Kilichofaulu tangu mwanzo ni sikio la mhusika. Malalamiko yake yalikuwa ya kweli: twita iliyoungua, mkwaruzo wa usiku, waimbaji waliosogea. Kilichoshindwa ni maelezo yaliyofuata kila lalamiko. Mkwaruzo ulitokana na risasta moja ndogo ya chaneli moja, ukageuzwa kuwa hoja ya masanduku mawili dhidi ya moja, kisha ikawa hoja ya daraja A dhidi ya madaraja mengine yote. Ya tatu na ya tano zilinunuliwa kwa ajili ya hitilafu iliyokuwa ndani ya ya pili, na sehemu kubwa ya deni hilo naibeba mimi. Tangu siku ile kila amplifaya inayokuja kwangu naipima kwanza kwa wati 0.05, chaneli moja moja, ndipo naipandisha. Pia nauliza maswali matatu kabla ya kushika bisibisi: kwa sauti kiasi gani, upande upi, na kwa spika zipi. Yeye alikuwa amenijibu la kwanza bila hata kuulizwa.

Uamuzi wa daraja A haukuwa mbaya kwa sauti, ulikuwa mbaya kwa uhai wa kifaa. Kapasita zake ziliandikwa umri wa saa 2,000 kwa nyuzi 85 za selsiasi. Kwa kanuni ya kazi ya mafundi, kila nyuzi 10 zinaposhuka, umri huongezeka mara mbili. Ndani ya kasha nilipima nyuzi 65, kwa hiyo makadirio ni saa 8,000. Kwa saa 4 kila siku hiyo ni miaka mitano na nusu, na mngurumo ulianza mwaka wa sita. Kama angeelezwa hivyo siku ya kununua, angeweka kapasita za nyuzi 105, au angeiacha wazi juu badala ya kuisukumia kabatini.

Lipo lalamiko moja ambalo halikubadilika kwa amplifaya yoyote kati ya sita: noti fulani ya besi ilivuma kuliko nyingine. Kisichobadilika kifaa kinapobadilika hakimo ndani ya kifaa hicho. Chumba chake kina urefu wa mita 4.3, na wimbi la kwanza la kusimama, yaani sauti inayorudi kati ya kuta mbili na kujiongezea nguvu, kwa urefu huo ni hezi 40. Tulisogeza kiti sentimita 60 kutoka ukutani, uvumi ukapungua. Hilo lingeweza kufanywa mwaka wa kwanza.

Mapungufu ya majaribio yetu nayataja. Msikilizaji alikuwa mmoja, spika jozi moja, na yale ya valvu yalifanywa kwa sauti ndogo tu, ambako upotoshaji wa valvu wenyewe ni mdogo. Kwa sauti kubwa kipande cha waya kisingeweza kuiga jinsi wati 8 zinavyoishiwa.

Hali ilivyo sasa

Ya sita imebaki kwenye rafu. Nyuma yake kuna kisanduku cha bati chenye risasta mbili za omu 2.5 na swichi. Mchana inazipita, usiku inazipitisha. Ya kwanza imekwenda kwa binti yake pamoja na zile spika za zamani za desibeli 90, na kwake inatosha. Ya valvu hakuiuza. Anasema anajua sasa inafanya nini, na bado anapenda kuiwasha siku ya mvua. Ya pili iko kwangu kwa uangalizi: miezi sita baada ya matengenezo, chaneli ya kulia ilisoma milivolti 10.9.